Mwalimu Naye ni Mwanafunzi: Niliyojifunza kwa Simu Niliyoipiga Marufuku

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote. Amma baad.



Kamati ya jarida letu iliniomba mwaka huu niandike juu ya manufaa na madhara ya intaneti kwa mwanafunzi wa madrasa. Nilikaa na kalamu siku tatu nisiandike kitu. Manufaa na madhara hayo mmeshayasikia mara nyingi kwenye hotuba na mawaidha, na mimi mwenyewe nimeyasema sana. Nikaona bora nieleze yaliyonipata, ingawa baadhi yake yananitia haya. Na ndani yake yumo mtu ambaye ni wajibu wangu kumuomba radhi mbele yenu, kama nilivyomkosea mbele ya wenzake.

Simu juu ya marufaa

Nilianza kufundisha hapa Mji wa Kale, Mombasa, muda mfupi baada ya kumaliza diploma yangu ya masomo ya Kiislamu. Nilikuwa kijana, na kama vijana wengi wanaopewa madaraka mapema, nilipenda sheria. Sheria yangu ya kwanza niliiandika ubaoni kwa chaki, herufi kubwa: SIMU HAIINGII DARASANI. Nilikuwa na sababu. Nilikuwa nimewaona watoto wakioneshana mambo yasiyofaa, na wengine wakicheza michezo ya simu huku msahafu umefunguliwa mbele yao.

Siku moja mwaka 2018, baada ya sala ya Alasiri, darasa la tajwidi lilikuwa likidurusu. Kijana mmoja wa miaka kama 15 alikuwa ameinamia marufaa yake zaidi ya kawaida. Nilipomkaribia nikaona waya mwembamba umepita ndani ya kanzu yake mpaka sikioni. Niliuvuta waya ule, nikaitwaa simu, nikasema maneno ambayo leo ulimi wangu unaona uzito kuyarudia. Nilimwambia kuwa mtu anayesikiliza nyimbo mbele ya Qur'ani hana adabu, na kwamba bila shaka kwao hakuna mlezi. Wenzake wakacheka.

Yeye hakubishana. Alisema tu, "Samahani, maalim," akarudi kwenye msahafu wake.

Niliitia simu kwenye mtoto wa meza. Darasa lilipoisha na wanafunzi kuondoka, niliuchomeka waya ule sikioni kwangu ili nijue ni nyimbo gani hizo. Sikukuta wimbo. Nilimkuta Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri anasoma Suratul Mulk, polepole, kila herufi na haki yake. Sura hiyo ndiyo niliyowapa kuhifadhi wiki ile. Kijana alikuwa akisikiliza aya, kisha anasoma kwa sauti ya chini, kisha anasikiliza tena.

Sheikh al-Husary, kwa wasiomjua, alirikodiwa akisoma Qur'ani nzima kwa murattal mwaka 1961, na watu wa mataifa mengi wamesahihisha matamshi yao kwa kumsikiliza. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kanda zake za kaseti nilipokuwa mdogo. Yaani nilimuadhibu kijana kwa jambo lilelile nililolifanya mimi, tofauti ikiwa ni kaseti na simu.

Kesho yake nilimrudishia simu yake. Nilimwambia neno moja: "Usirudie." Sikumwambia kuwa nilisikiliza, wala kuwa nilikosea. Nafsi yangu iliniambia kuwa mwalimu akimuomba mtoto radhi heshima yake inashuka. Nikaitii nafsi.

Madrasa ilipofungwa

Ikapita miaka miwili. Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Korona akatangazwa hapa Kenya, na siku mbili baadaye ikatangazwa kuwa shule zifungwe. Misikiti na madrasa nazo zikafunga milango. Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria ikatukuta majumbani. Tarehe 6 Mei, tukiwa ndani ya mfungo, ikatangazwa kuwa hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale.

Mzazi mmoja alinipigia simu. "Maalim," akasema, "mwanangu alikuwa na juzuu tano. Sasa hata Yasin imeanza kumponyoka. Tufanyeje?"

Nilimjibu tuwe na subira. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Sote tunajua mfano alioupiga Mtume (S.A.W.) wa mwenye kuhifadhi Qur'ani na mwenye ngamia: asipomfunga na kumwangalia, ngamia huondoka. Ngamia wa wanafunzi wangu walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, na mimi nimekaa barazani nawatazama.

Simu nilikuwa nayo, tena ya kisasa. Lakini nilijua kupiga, kupokea na kuandika ujumbe, basi. Nikafikiri ni nani anayeweza kunifundisha, na jina lililonijia ni moja tu. Nilizunguka na jina lile siku mbili. Mwisho nikampigia.

"Assalaam alaykum, maalim. Shikamoo," akaitikia kwa adabu yake ileile.

Nilimweleza kuwa nataka kuwasomesha wenzake kwa simu na sijui pa kuanzia. Akanyamaza kidogo. Katika kimya kile nilingoja anikumbushe siku ile. Alichosema ni hiki: "Hapana tabu, maalim. Maalim ashike simu mkononi, mimi nitaeleza polepole."

Kwa siku kadhaa, kila baada ya tarawehe za nyumbani, alinifundisha: namna ya kuunda kikundi cha WhatsApp, namna ya kurikodi sauti na kutoondoa kidole kabla ya kumaliza, namna ya kufuta kilichokosewa. Somo hilo la kufuta nililichelewa. Sauti yangu ya kwanza kuwafikia wazazi wote ilikuwa ikimwambia mke wangu kuwa uji hauna sukari.

Kisha tukaingia Zoom, ili nione nyuso zao. Siku ya kwanza nilifundisha Suratul Qadr dakika kumi nzima nikiwa nimezima kipaza sauti. Watoto walinipungia mikono, nami nikadhani wananisalimia, nikawapungia. Sauti ilipopatikana, kwa mmoja jogoo anawika, kwa mwingine mama anasaga viungo vya futari, kwa wa tatu mdogo wake analia. Ghafla wote wakatoweka. Nikadhani mtandao umekatika. Kijana wangu akanieleza kuwa mkutano wa bure wa watu wengi unaishia dakika 40.

Wasomaji wapenzi, zile dakika 40 zilinifundisha hesabu ambayo sikuifanya miaka yote. Nikiwa na wanafunzi kumi, na kila mmoja asome dakika tatu, hizo ni dakika 30. Zinabaki kumi zangu. Nikajiuliza: kule darasani, ndani ya saa nzima, nilikuwa nazungumza mimi dakika ngapi, na kila mtoto alipata kusoma dakika ngapi? Jawabu lilinitia haya.

Kinachopita na kisichopita

Niliona pia kuwa si kila kitu kinapita kwenye simu. Madda na ghunna nilizisikia vizuri. Lakini siin, thaa na saad zilinijia zimechanganyika. Qaaf na kaaf vilevile zilihitaji uangalifu, na kila mwanafunzi wa tajwidi anajua kuwa anayesema kalbu badala ya qalbu ametoka kwenye moyo akaingia kwa mbwa. Ikabidi niwaambie walete mdomo karibu na kamera, nione kama ncha ya ulimi inaonekana kwenye meno ya mbele wanapotamka thaa. Asiyeonekana ulimi, nilimsimamisha hapo mpaka uonekane.

Na lipo kubwa zaidi ambalo sikuliona mpaka nilipooneshwa. Siku ya nne au ya tano kijana yule aliniuliza, "Maalim, na wale wasio na simu kubwa?"

Nikamuuliza ni kina nani. Akanitajia watatu kwa majina. Mmoja nyumbani kwao mna kabambe moja tu, nayo ni ya mama anayeuzia mahamri. Nilikuwa nimefundisha siku hizo zote, nikajiona nimefanya kazi kubwa, na sikutambua kuwa watatu hawapo. Darasani ningeona marufaa tupu. Kwenye kioo cha simu asiyekuwepo hana hata nafasi iliyo tupu.

Tukapanga. Hao watatu tukawa tunawapigia simu ya kawaida baada ya Adhuhuri, mimi nikimsikiliza mmoja na yeye akiwasikiliza wawili. Wazazi wengine walipopata habari walichanga salio. Hivyo kijana niliyemwambia hana adabu akawa mwalimu wa tajwidi akiwa na miaka 17, na wanafunzi wake wawili hawakupoteza hata sura moja.

Alikuwepo pia mwanafunzi ambaye hakuandikwa kwenye daftari langu. Nyanya wa mtoto mmoja alikuwa akikaa nyuma ya mlango kila somo, anafuatisha kwa sauti ya chini. Siku moja mjukuu alikosea, na kabla sijasema kitu nikasikia sauti ya kikongwe ikimrekebisha, tena sawasawa. Bibi huyo alinieleza baadaye kuwa tangu utoto wake alikuwa na hamu ya kuja kusahihisha usomaji wake, lakini kazi za nyumba, kisha watoto, kisha miguu, vilimzuia.

Hadithi isiyo na kitabu

Bibi huyohuyo ndiye aliyenipa somo la pili. Mwaka 2021, mwezi wa Shaaban, nilipata ujumbe mzuri uliopambwa kwa maua, unaosema kuwa Mtume (S.A.W.) ameahidi kwamba atakayekuwa wa kwanza kuwapa watu habari ya kuingia Ramadhani ameepukana na Moto. Sikufikiri. Niliutuma kwenye kikundi cha wazazi palepale.

Bibi akaniletea sauti: "Maalim mwanangu, hadithi hii imo katika kitabu gani? Nataka niwaambie wenzangu kwenye kisomo."

Nilifungua Bukhari, nikafungua Muslim. Hamna. Kijana wangu alikuwa amenionesha al-Maktaba ash-Shamila, programu ya bure ya Kiarabu yenye maelfu ya vitabu, ambamo unaandika maneno nayo inakutafutia. Nikaandika maneno ya hadithi ile kwa namna tofauti. Sikuipata katika vitabu vya Sunna. Nilichokipata nilipoendelea kutafuta ni maonyo ya wanazuoni wa zama zetu kuwa maneno hayo hayana asili.

Mimi, mwenye diploma, ninayewafundisha watoto onyo kali alilolitoa Mtume (S.A.W.) juu ya kumzulia uwongo, nimewapelekea watu uzushi kwa kidole kimoja. Wanazuoni wetu walisafiri miji na miji kwa ajili ya hadithi moja, wakauliza kila msimulizi ameipokea kwa nani. Mimi isnadi yangu ilikuwa yale maneno madogo yanayosema kuwa ujumbe umetumwa mara nyingi. Kutumwa mara nyingi si isnadi.

Niliandika kwenye kikundi: "Nimekosea. Hadithi niliyoituma jana haina asili. Aliyeituma kwa mwengine naye amjulishe. Namuomba Allah msamaha, kisha nyinyi." Nikaiweka simu chini, nikingoja heshima yangu ishuke.

Bibi akajibu wa kwanza. "Allah akuzidishie, mwanangu. Sasa ukituambia jambo tutajua una uhakika nalo."

Tangu siku hiyo nina kipindi cha dakika kumi kila Alkhamisi. Kila mwanafunzi huja na ujumbe mmoja wa dini uliofika nyumbani kwao, nasi huuliza maswali matatu: Uko katika kitabu gani? Kausimulia nani? Wanazuoni wamesema nini juu yake? Watoto wa miaka kumi sasa wanawauliza wazazi wao maswali hayo, na wazazi wengine wamenilalamikia kwa kucheka.

Radhi niliyoichelewesha

Ikiwa niliweza kuwaomba radhi watu wa kikundi kizima kwa ujumbe wa siku moja, kwa nini kijana yule nilimnyima miaka yote hiyo? Swali hilo nilitembea nalo muda mrefu kuliko inavyopasa. Suratu Abasa nimeifundisha mara nyingi. Allah (S.W.T.) alimkumbusha kipenzi chake juu ya kipofu aliyekuja kutafuta elimu. Basi mimi ni nani nisikumbushwe?

Mwaka jana, baada ya sala ya Magharibi, nilimshika mkono tukaenda kukaa barazani. Yeye sasa ni mtu mzima, yuko chuo kikuu, na likizo zake husomesha darasa la watoto wadogo. Nikamwambia, "Siku ile nilipokunyang'anya simu, nilisikiliza. Nilijua kuwa ilikuwa Qur'ani."

"Nilijua, maalim," akasema. "Niliporudishiwa, ilikuwa imesimama aya nyingine."

"Na kwa nini hukusema?"

"Wewe ni maalim wangu."

Nikamuomba radhi. Akanisamehe, Allah amlipe kheri. Kisha akaniambia, bila ya ukali, "Mimi sikuumia sana kwa simu. Ni lile neno la mlezi. Wenzangu walilipeleka nyumbani, na mama akalisikia. Baba wakati ule alikuwa kazini Uarabuni. Mama alilea peke yake."

Sikuwa na la kusema. Mama huyo alikuwa amelisikia neno langu mwaka 2018, na kila Ramadhani tangu hapo sahani yake ya futari haikukosa kufika kwangu. Nilikwenda kumuomba radhi nyumbani kwake. Alinisamehe kabla sijamaliza. Lakini neno lilisemwa mbele ya watu, na waliocheka siku ile baadhi yao wana watoto humu madrasani. Hivyo nalirudisha mbele ya watu: kijana yule alikuwa na adabu kuliko mwalimu wake, na mlezi wake ni katika walezi bora wa mtaa huu. Nilimuuliza kama niandike jina lake. Akasema, "Usiandike, maalim. Wenyewe watajua."

Nasaha

Kwenu walimu wenzangu. Masheikh wetu hawakukiogopa chombo kipya kwa sababu ya upya wake. Hapahapa Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu mwaka 1937. Alikishika chombo cha zama zake na kukitia elimu. Tujifunze, hata kama mwalimu wetu ni mwanafunzi wetu.

Kwenu wazazi. Msimpe mtoto simu mkadhani mmempa maalim. Jibril (A.S.) alikuwa akidurusu Qur'ani na Mtume (S.A.W.) kila Ramadhani, na mwaka wa mwisho mara mbili. Elimu hii huchukuliwa kwa mtu, mdomo kwa sikio. Simu hubeba sauti mtu anapokuwa mbali. Akiwa karibu, mleteni akae mbele ya mwalimu wake.

Kwenu wanafunzi. Sheria ya ubaoni nimeibadilisha. Simu huwekwa kikapuni mlangoni, na hutolewa kwa idhini, kwa kazi inayojulikana, kisha hurudi kikapuni. Na nimejiwekea sheria yangu pia: sitamhukumu mwanafunzi kabla ya kusikiliza anachosikiliza. Nikiisahau, nikumbusheni kwa adabu, kama alivyonikumbusha mwenzenu.

Namuomba Allah (S.W.T.) atufundishe yenye kutunufaisha, atunufaishe kwa aliyotufundisha, na atusamehe tuliyowakosea waja wake, tunaoyakumbuka na tuliyoyasahau. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.